Nani Mwenye Kitenzi?

Sentensi ninayoipenda kufundishia ni hii: "When the wind rose, the overloaded canoe sank." Hapa Mbaha haihitaji picha. Kila mtoto anajua upepo wa mwera unavyoliamsha Ziwa Nyasa, na mtumbwi uliojazwa magunia hadi maji yakakaribia ukingo ameshauona.

Kazi ni kutafuta kiima, kitenzi na kishazi tegemezi. Wanafunzi wanapata upesi: "canoe" ni kiima cha kishazi huru, "sank" ni kitenzi chake, na kishazi cha upepo ni tegemezi, kwa kuwa ukikitamka peke yake msikilizaji anabaki anangoja. Kwa mtihani yametosha. Kwangu hapo ndipo maswali yanapoanza. Lile neno "overloaded" limekaa kama sifa tu, kana kwamba mtumbwi ulichongwa ukiwa umejaa. Ndani yake mna tendo, na tendo lile lina mtu. Nani alijaza?

Kiswahili nacho kinaweza kumficha mtu. Kwenye ufuko huu huu, pale Liuli, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipigwa mizinga ikiwa imepandishwa nchi kavu. Sema "vita vilipozuka, meli ilishambuliwa", na hutakuwa umekosea kitu, ila hakuna binadamu humo. Aliyeamuru kupiga alikuwa Rhoades, nahodha wa Gwendolen ya Waingereza. Nahodha wa meli iliyopigwa, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia.

Augustino, Mwafrika wa Thagaste aliyefundisha ufasaha wa kusema kabla hajawa askofu, anaungama kitu cha namna hiyo. Alipokuwa katika dhehebu la Wamanikeo alipenda kuamini kwamba atendaye dhambi si yeye, ni asili nyingine iliyomo ndani mwake. Ilimpendeza kwa sababu ilimwondolea lawama. Kitenzi kilikuwa chake, kiima akakitafuta kwingine.

Sisi tunakitafuta kwa Mungu. Watu wakizama, matanga hayajaisha tumeshasema ni mapenzi yake. Naelewa; mfiwa anahitaji pa kuegemea, wala siku ya mazishi si siku ya kuchambua sentensi. Lakini nasema waziwazi: kumpa Mungu kitenzi chetu si uchaji. Katekista mmoja ninayemheshimu alinipinga kwa Ayubu, aliyesema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na Maandiko yanashuhudia kwamba hakukosa kwa kusema hivyo. Ni kweli. Ila ile nyumba iliyowaangukia watoto wake, Ayubu hakuwa ameilegeza nguzo. Aliyepakia magunia, na sisi tuliotazama tukapanda, hatuwezi kuazima maneno yake.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi waandike upya, aliyejaza awe kiima, hata kama ni "we". Huwa wanasita, na wengine wanauliza kama kweli nataka hivyo. Nataka.

Baada ya hapo kinabaki "rose". Upepo hatukuuinua sisi, na hapo namuuliza Mungu kwa nini, bila kuona haya, maana Ayubu naye aliuliza. Alijibiwa kutoka katika upepo wa kisulisuli, na sababu hakuambiwa.