Kununua Kisichoonekana

Mmoja wa darsa yetu, mpenzi wa kamera kuukuu, aliona picha ya moja katika simu. Muuzaji asiyemjua alimtolea salamu, akaapa Wallahi, naye akampelekea fedha kwa M-Pesa. Kamera haikuja, fedha zilikwisha tolewa kwa wakala kabla ya magharibi.

Sote tulimlaani mwizi. Lakini Mtume (S.A.W.) sokoni alitia mkono ndani ya fungu la nafaka, akakuta umaji chini. Sisi twatosheka na picha, tena na kiapo! Twaona haya kumwambia mtu: piga picha nyingine, pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, au tukutane mchana, tuishike, ndipo tulipe. Mwenye kamera kweli, hilo lamchukua dakika mbili.