Bunduki ya Ukoo Ikiibwa

Je, mwizi akiiba bunduki ya kale ya ukoo, amemwibia nani? Mahakama itamtaja aliyekuwa nayo, na mthamini atataja bei. Lakini mwenyewe hasa ni nani?

Huku Bukoba na Muleba, jibu tumelizoea kwa njia ya kibanja. Kibanja cha ukoo kina makaburi ya wazee. Anayekaa juu yake hula ndizi na kuvuna kahawa, ila kwa mila hakiuzi kwa mgeni kabla ndugu hawajaulizwa. Yeye ni mtunzaji tu. Silaha ya urithi ni vivyo hivyo. Mwaka 1861 Speke alimzawadia bunduki Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Mwaka 1876 Stanley aliikuta imetunzwa pamoja na vitu vya enzi. Kitu kikishakaa hazinani, kazi yake si kuua tena, bali kusimulia.

Kwa hiyo aibaye kitu cha namna hiyo huwaibia waliokufa na wasiozaliwa bado. Mwezi Juni 1915, majeshi ya Uingereza yalipoivamia Bukoba kubomoa mtambo wa simu ya upepo, askari waliupora mji. Aliyeporwa sufuria aliweza kununua nyingine. Kilichotoka kwa baba hakina duka.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusijidanganye. Gobore si ngoma. Likipata baruti linaua, hata likiwa na umri wa miaka mia. Ndiyo maana leseni ya silaha hutolewa kwa mtu, wala hairithiwi. Mrithi hana budi kuomba yake. Zipo familia ambazo mzee alifariki, bunduki ikabaki darini bila kibali. Ikiibwa, hunong'onezana: tukienda polisi, tutaulizwa sisi kwanza.

Ni kweli, wataulizwa. Lakini tupime mambo mawili haya: usumbufu wa kuulizwa, na damu ya jirani atakayevamiwa usiku kwa bunduki ile ile. Mtunzaji wa mali ya ukoo ametunzishwa pia usalama wa majirani zake. Akinyamaza ili kujilinda, hana tena haki ya kumlaani mwizi peke yake.

Mzee aliacha bunduki na jina. Bunduki imechukuliwa na mwizi. Jina likipotea, tutakuwa tumelipoteza sisi wenyewe kwa kunyamaza.