Subira si Kunyamaza
Nasaha kwa wenye misiba na kwa jirani zao

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Shukrani zote ni zake Yeye aliye hai asiyekufa, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya haya: jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kwamba mauti hujulikana na kila mtu, lakini huzuni ya mfiwa ni jambo lisiloulizwa na wengi. Watu hukusanyika matangani, jeneza hushindaniwa kubebwa kwa kutaka thawabu, khitima husomwa, chakula huliwa, kisha kila mtu hurudi kwake. Na katika siku zote hizo huenda asipatikane hata mmoja aliyemwuliza mfiwa, “Je, moyo wako u hali gani?” Naye akitaka kusema huambiwa, “Subiri, bwana, wewe ni mwanamume.” Basi hufunga kinywa chake.

Utazameni mji wa Ujiji, ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Mji huu ni ndugu wa miji ya pwani, kwani zamani ndiko ilikokoma njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwa kupitia Tabora. Watu wa Mrima na wa Unguja walifika huko, wakaoa, wakazaa, wakazikwa pamoja na Wamanyema na wenyeji wa ufuoni. Njia ile ilikula watu wasio na hesabu, wapagazi na watumwa, na wengi wao hawakuoshwa wala kusaliwa, wala jamaa zao hawakupata khabari.

Na misiba isiyo kaburi haikwisha kwa kwisha misafara. Kazi kubwa ya ufuo wa Kigoma na Ujiji ni kuvua dagaa na migebuka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wavuvi hutoka jua likichwa na hurejea asubuhi. Ziwa lile kina chake hupita mita 1,400, na pepo za kusi za kiangazi zina nguvu. Aliyezama mbali huenda asionekane tena. Mkewe hubaki hajui kama ni mke au ni mjane. Baba yake hutazama maji kila alfajiri. Wakikaa matanga huona kama wamemwua kwa vinywa vyao. Wasipokaa huona kama wamemdhulumu. Basi hunyamaza, na jirani hunyamaza nao.

Tena mwezi wa Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walikusanyika Kagunga, kaskazini ya Kigoma, na kipindupindu kikaingia kati yao. Meli Liemba ikawachukua mafungu kwa mafungu kuwaleta Kigoma mjini. Wapo waliozika wapenzi wao katika nchi ya ugeni, kisha wakalazimika kuendelea na safari.

Wala watu wa pwani wasidhani kwamba hayo ni ya watu wa bara tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Wako wasioonekana hata leo, na ziko nyumba ambazo majina yao hayatajwi, kwa kuogopa kumliza mama.

Wasemao kwamba kulia na kueleza huzuni ni upungufu wa imani, na watazame mwendo wa Mitume. Nabii Yakubu (a.s.) alimlilia mwanawe Yusufu hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na Qurani imeisifu subira yake. Jamaa zake walipomlaumu, aliwajibu kwamba masikitiko yake humshitakia Mwenyezi Mungu. Hakukana kwamba anayo.

Na Mtume Muhammad (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto wa Bibi Mariya, mwaka wa 10 wa Hijra. Alimshika mtoto naye yu katika kukata roho, na macho yake yakabubujika machozi. Abdurrahman bin Auf akastaajabu kumwona Mtume analia. Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema. Kisha Mtume akasema mbele ya watu kwamba moyo umehuzunika na jicho limetoka machozi, lakini ulimi hautanena ila la kumridhisha Mola. Zingatieni hapo. Aliyasema mambo mawili pamoja, huzuni yake na ridhaa yake, wala moja halikulifukuza la pili.

Siku ile jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa kufa Ibrahim. Mtume akasimama, naye ndiye mfiwa, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Na hili ni dawa ya maradhi makubwa. Kwani msiba usiosemwa waziwazi husemwa kwa kunong’ona, na mnong’ono huuliza, “Ni nani aliyemroga?” Mara ndugu humwepuka ndugu, na mwanamke mzee asiye na kosa hutazamwa kwa jicho baya. Lau watu wangekaa wakasema kweli, kwamba upepo ulivuma, au chombo kilikuwa kibovu, au maradhi yalicheleweshwa kutibiwa, shetani asingepata mlango.

Tena imepokewa kwamba alikuwako mtu akija katika majilisi ya Mtume pamoja na mwanawe mdogo. Mtoto akafa, na yule mtu akaacha kuja, kwa kuwa majilisi ile ilimkumbusha mwanawe. Mtume hakusema, “Mwacheni, atapoa.” Aliuliza khabari zake, akakutana naye, akamwuliza juu ya yule mtoto, na akamliwaza. Basi ni wangapi walioacha safu ya msikitini tangu walipofiwa, wala hapana aliyewauliza?

Na ulipofika msiba wa Jaafar bin Abi Talib, aliyeuawa Muta mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaendea watoto wake, akawakumbatia, akalia, kisha akaamrisha watu wa nyumba ile wapikiwe chakula. Wapikiwe wao, wala si wao wawapikie watu. Mfiwa anayehangaika kutafuta mchele wa wageni ataisema saa ngapi huzuni yake?

Lakini mpaka uko. Kuomboleza kwa kujipiga nyuso, kurarua nguo, na kumlaumu Mwenyezi Mungu, hayo yamekatazwa. Kinachotakiwa hapa ni mtu kumweleza nduguye yaliyo moyoni, na nduguye kumsikiliza. Maombolezo huichochea huzuni, mazungumzo huituliza.

Basi yafaa kufanywa haya. Kwanza, marehemu atajwe kwa jina lake na kwa wema wake, wala asigeuzwe mwiko. Katika kutajwa kwake yatadhihiri pia madeni yake, amana zake na wosia wake, na kulipa deni la maiti ni haki iliyotangulia mirathi.

Pili, wanaume wawe na wakati wao. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika hupumzika usiku wa mbalamwezi, kwa sababu taa haivuti dagaa mwezi ukiwaka. Na siku hizo ndizo karibu na tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo kufunga kwake ni sunna. Ni wepesi ulioje kufuturu pamoja barazani, kisha kumwuliza kila aliyefiwa khabari zake, na kumwachia muda wa kujibu!

Tatu, wasisahauliwe mjane na mayatima. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, lakini wanawake wenzake wasiache kumwendea na kumsikiliza. Na mtoto aelezwe kweli kwa upole, wala asiambiwe kwamba baba amesafiri. Mtume alimwuliza mtoto mdogo, Abu Umair, khabari ya kindege chake. Sembuse mtoto aliyefiwa na baba?

Nne, aliyepotea majini asiachwe katika kimya. Mambo ya eda na mirathi yake yapelekwe kwa kadhi na wanavyuoni, yasikatwe kwa maneno ya mtaani. Na kifo kikithibitika, Mtume alimsalia Najashi hali amekufa mbali katika nchi ya Habash. Tena amebashiri kwamba aliyekufa kwa kuzama ni katika mashahidi. Jamaa zake waambiwe haya, wapate kupumua.

Tano, arubaini ikipita, mtu asidhani kwamba kazi imekwisha. Siku ile mikeka inapokunjwa ndipo nyumba inapokuwa kubwa na kimya. Abishaye hodi siku ya arubaini na moja amefanya jambo kubwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala makaburini, na walio chini ya maji, na walioanguka njiani bila ya kuzikwa. Awape wafiwa subira yenye nuru, na awape jirani zao masikio ya kusikia. Amin.