Kunyamaza Si Kukana

Wengi wetu tunasema lugha mbili au tatu kila siku, kwa hiyo taabu ya kutafsiri twaijua. Kifaransa kina neno moja, "oncle", kwa ndugu wa baba na kwa ndugu wa mama. Sisi tunawatenga: huyu ni baba mdogo, yule ni mjomba. Tukigeuza "mjomba" kuwa "oncle", tunapoteza kitu, lakini hatusemi uwongo. Tukigeuza "oncle" kuwa "mjomba" bila kuuliza, tunaongeza jambo ambalo mwenyewe hakulisema.

Siku hizi mashini nazo zina lugha zao. Wataalamu wanaandika ndani ya kompyuta mambo wanayoyajua juu ya magonjwa, dawa na kazi nyingine nyingi, kwa lugha za alama zenye kanuni kali. Lakini lugha hizo ni nyingi. Mwaka 1992 Michael Genesereth na Richard Fikes wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza lugha ya katikati iitwayo KIF, ili maarifa ya mashini moja yaweze kupokewa na nyingine. Msingi wake ni mantiki, yaani elimu ya kufikiri sawasawa.

Mantiki inampa mtafsiri sheria mbili. Ya kwanza: tafsiri isizae neno ambalo asili haikulizaa. Ya pili: yote yanayotoka katika asili yatoke katika tafsiri pia. Sheria ya pili haiwezekani siku zote, maana lugha nyingine ni dhaifu. Lugha ya OWL, iliyotolewa mwaka 2004, haikuweza kutaja sheria hii nyepesi, kwamba kila ndugu mume wa mama ni mjomba. Njia ya kuitaja ilipatikana katika OWL ya pili, mwaka 2009. Mtafsiri aliyeacha jambo kwa sababu lugha haina nafasi yake hana kosa. Kosa lake ni kuficha kwamba ameliacha.

Lakini hatari kubwa iko katika ukimya. Katika orodha ya safari za ndege, safari isiyoandikwa haipo. Hifadhi nyingi za kompyuta zinasomwa vivyo hivyo: kisichoandikwa ni "hapana". Katika lugha kama OWL, kisichoandikwa ni "hatujui". Tuseme basi kwamba daftari la mgonjwa halitaji penisilini hata kidogo. Lugha ya kwanza inanyamaza kwa sababu haijui. Habari ikihamishwa bila uangalifu, lugha ya pili inasoma: penisilini haimdhuru mtu huyu. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini "hatujui" imekuwa "hapana". Munganga anamchoma sindano kwa moyo mweupe, na mgonjwa aweza kufa.

Nani ana hatia? Wengine watasema: mashini haina dhamiri, basi hakuna aliyedanganya. Ni kweli, mashini haidanganyi. Lakini mtu ndiye aliyeiwekea kanuni ya kutafsiri. Kama alijua kwamba lugha hizo mbili zinasoma ukimya kwa namna mbili, akanyamaza, ametoa ushahidi wa uwongo kwa mkono wa mwingine. Kama hakujua, tutauliza kama alijitahidi kujua. Na kadiri madhara yanavyoweza kuwa makubwa, wajibu wa kuuliza unakuwa mkubwa.

Mwingine atapinga: tukidai tafsiri kamili, hatutatafsiri kamwe, na mgonjwa atakosa hata habari zile zilizopo. Anasema kweli. Lakini dawa si kuacha kazi. Dawa ni kuandika "hatujui" kama neno kamili, lenye mahali pake katika daftari, ili anayesoma aulize kabla ya kutenda.

Na sisi tusiogusa kompyuta tuna wajibu uleule. Ni mara ngapi tumepeleka habari nyumba kwa nyumba, na "hakujibu" ikafika "amekataa"? Tunapobeba maneno ya mwenzetu, tubebe na ukimya wake kama ulivyo.