Nyayo Zilizogeuka Jiwe

Mwindaji hahitaji kumwona mnyama ili ajue alikopita. Hutazama nyayo katika matope. Lakini nyayo za matope mvua huzifuta. Je, zaweza kudumu?

Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zaidi ya miaka milioni 3 na nusu iliyopita, mlima wa moto ulimwaga majivu juu ya nchi. Mvua ikayalowesha, viumbe wakapita juu yake, kisha yakakauka yakawa magumu kama simenti. Majivu mengine yakaanguka, yakazifunika nyayo na kuzihifadhi. Kuanzia mwaka 1978 Bibi Mary Leakey na wenzake waliifukua njia ile, yapata mita 27.

Mifupa ya wapitaji haikuwamo njiani. Hata hivyo nyayo zao zashuhudia: walikwenda wima kwa miguu miwili, na kidole gumba cha mguu kilielekea mbele, kama cha mtu wa leo. Mmoja alikuwa mdogo. Tena wataalamu waliona ya kuwa mwingine alifuata nyuma, akikanyaga ndani ya nyayo za mkubwa.

Wale hawakujua kwamba wanaacha ushuhuda. Vivyo hivyo baba, akienda kwenye pombe au kwenye sala, mtoto wake yu nyuma, akanyaga alipokanyaga yeye. Basi, kabla ya Ubatizo, kila mmoja ageuke atazame: ni nani anayemfuata, naye anampeleka wapi? Aanze leo kukanyaga katika nyayo za Yezu, ili amfuataye asipotee.