Usemi wa Petro



Masomo: Matayo 26:69-75, Matendo ya Mitume 2:1-13.

Usiku ule Petro alikaa uani kwa kuhani mkuu. Kilichomtoa ni kinywa chake. Alisema kama watu wa Galilaya wanavyosema, na waliosimama pale wakamtambua mara moja. Petro akaanza kuapa kwamba hamjui Yesu. Usemi aliofundishwa na mama yake ulikuwa umemtia hatarini.

Hofu hiyo sisi watu wa Keshero tunaijua. Toka Kituku, wanapofikia watu wa mitumbwi ya Idjwi na Minova, mpaka barabara ya Sake, utasikia Kihavu, Kishi, Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Lingala, na Kiswahili kinachotuunganisha. (Motari mmoja atabishana bei kwa lugha tatu, na zote atashinda.) Lakini mtu akisema neno moja tu, tumekwisha kumweka upande. Nani hajaona mama akinyamaza njiani ili asisikiwe?

Someni Waamuzi 12. Watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, wakamwambia kila apitaye atamke Shibolethi. Aliyeshindwa kutamka vizuri aliuawa. Walikufa watu 42,000 wa Efraimu, na wote, wauaji na waliouawa, walikuwa wana wa Israeli.

Sasa tazameni Pentekoste. Roho Mtakatifu aliposhuka, watu wa mataifa walishangaa kwamba wanaosema ni Wagalilaya. Basi usemi wa Petro haukuondolewa! Kinywa kilekile kilichotetemeka uani kilihubiri mbele ya watu wote. Na wasikilizaji hawakuambiwa waache lugha zao kwanza. Kila mmoja alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Wazazi wengi wanaombea watoto wao wajue Kifaransa na Kingereza. Ombeni, si vibaya, masomo yanavidai na kazi pia. Lakini kuna mtoto anayejifunza Kingereza na kumcheka nyanya yake anaposema Kinande. Huyo amepata lugha moja na kupoteza mtu.

Papa Simon Kimbangu alikuwa mtu wa Nkamba, mtu wa Kikongo. Mwaka 1921 alihukumiwa, akapelekwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika nchi ya Kiswahili, akafungwa miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa mbali, wengine mpaka Lowa kwenye mto Lualaba, katikati ya watu wasiojua Kikongo. Wakoloni walidhani neno litakufa likikosa wa kulisikia kwa lugha yake. Halikufa. Waliohamishwa waliishi na wenyeji, wakajua namna ya kuwasalimu, wakaomba pamoja nao. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ililitambua kanisa, na leo linaomba kwa lugha nyingi. Ndugu Wabeladio Payi alipopata maandishi ya Mandombe mwaka 1978, yalikuja kuandika Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili pia.

Na sisi hapa? Tunaimba nyimbo za Kikongo kwa sauti nzuri, na wengi hatujui tunaimba nini. Watoto wanataja *bolingo, mibeko, misala*. Waulizeni maana, wengine watanyamaza. Ni upendo, amri, matendo. Mtume Paulo, katika 1 Wakorinto 14, alichagua maneno matano yanayoeleweka kuliko maelfu yasiyoeleweka.

Kwa hiyo, wanakwaya, kabla ya kufundisha wimbo wa Kikongo, tafuteni mzee anayejua, aseme maana yake kwa Kiswahili, hata kama mazoezi yatachelewa. Na mama aliyekimbia kutoka Masisi, anayekaa benchi la nyuma na kuomba polepole kwa Kihunde, mwacheni aombe kwa sauti. Tutaitika Amina pamoja naye. Baada ya ibada mmoja wetu aende kwake, amwombe amfundishe salamu.