Juu ya Watu Wakusanyao Sadaka Njiani

Katika soko la Micheweni, kaskazini ya Pemba, kama katika masoko mengine ya pwani, huweza kuja mtu aliyeshika kitabu cha stakabadhi na karatasi yenye mhuri. Asema aomba kwa ajili ya mayatima, au wagonjwa, au nyumba ya ibada isiyoezekwa. Hatumjui, wala huko atokako hatukujui. Siku hizi wengine huomba kwa simu, wakipeleka picha ya mtoto mgonjwa na namba ya kutumia fedha. Je, imetupasa kumpa kila aombaye? Na tukimwuliza habari zake, tumevunja upendo?

Kwanza tupambanue. Yuko aombaye kwa ajili ya tumbo lake, na yuko akusanyaye kwa jina la wengine. Mwenye njaa hahitaji mhuri. Njaa yake ndiyo barua yake. Mpe sahani ya wali au kipande cha muhogo. Hata akiwa amekudanganya, chakula kimemshibisha mtu. Lakini yule wa pili amelichukua jina la yatima ambaye hayupo kujisemea. Fedha ikipotea mkononi mwake, aliyeibiwa hasa ni yatima yule. Basi kuuliza ni kumlinda asiyekuwapo.

Mtume Paulo alipokusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorintho wachague watu wao wenyewe wa kuipeleka. Tena alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama. Ikiwa Mtume alitaka mashahidi, mbona mkusanyaji wa leo akasirike akiulizwa?

Baba zetu nao walifanya vivyo. Mwaka 1523 watu wa Leisnig katika Ujerumani waliweka sanduku la maskini lenye kufuli 4, na funguo zake zikagawanywa kwa watu wa namna 4, mtu asiweze kulifungua peke yake. Mwaka 1528 Dakta Martin Luther aliandika dibaji ya kitabu kidogo kilichofunua hila za waombaji wa uongo. Alikiri ya kuwa yeye pia alidanganywa. Walakini hakusema tuache kutoa. Alisema kila mji na kijiji kiwajue maskini wake na kuwasaidia, na mgeni asipokewe pasipo barua au ushuhuda. Tena aliona kwamba wasiomsaidia jirani mhitaji huishia kuwapa walaghai mara nyingi zaidi.

Nasi tufanyeje? Mhuri pekee hautoshi, maana fundi yeyote aweza kuuchonga. Tuulize: Nani amekutuma? Mayatima wakaa wapi? Nani atatuletea hesabu ya matumizi? Kila shehia ina sheha wake. Mkusanyaji wa kweli hatakataa kufuatana nasi kwake. Katika simu, tulitazame jina la mpokeaji kabla ya kutuma. Na atuharakishaye, tumwambie angoje. Meli Spice Islander I ilipozama Septemba 10, 2011, ikielekea Pemba, watu wa mbali walihuzunika pamoja nasi. Aliye mbali hivyo hana budi kumtegemea shahidi. Bali aliye karibu aweza kwenda kwa miguu mpaka nyumba ya mfiwa, akampa mkononi.

Walakini tujihadhari na hila ya mioyo yetu. Wako wasemao, “Wote ni wadanganyifu,” wakaufunga mfuko, wala hawamtafuti yatima aliye mlango wa tatu kutoka kwao. Hao hawakuuliza wapate kujua. Waliuliza wapate kunyima. Kuuliza kwa haki kuna gharama yake. Ukiuliza ukaona ni kweli, umejifunga kutoa. Na ukiona ni uongo, ile fedha uliyokuwa tayari kuitoa usiirudishe mfukoni kwa furaha; mpelekee leo hii mhitaji unayemjua.